Cavalier anapaswa kuwa na kilo ngapi?

Kiswahili chetu kina mtego mdogo. Mtu akinenepa tunamwambia "siku hizi una afya", naye anacheka, anashukuru, maongezi yanaendelea. Mbwa akiwa duara, mgeni akiingia getini husema "huyu wenu anatunzwa", na mwenye mbwa anavimba kichwa. Tunasahau kwamba neno letu la zamani la mnyama mwenye mafuta ni aliyenona, na sifa hiyo ilikuwa ya mbuzi anayesubiri kisu.

Mbwa ninayemzungumzia hapa hasubiri kisu. Ni Cavalier King Charles Spaniel, mbwa mdogo wa Kiingereza mwenye masikio marefu ya manyoya, pua fupi kiasi, na macho makubwa yanayoweza kumfanya mtu mzima aache sahani yake nusu. Wanaomfuga huuliza swali lile lile: anatakiwa awe na kilo ngapi? Namba ipo, imeandikwa, na nitaitaja sasa hivi. Shida ni kwamba haijibu swali.

Mwaka 1926 Mmarekani aitwaye Roswell Eldridge alifika kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London akitangaza zawadi ya pauni 25. Alikuwa anatafuta spanieli wadogo wa aina ya kale, wenye pua ndefu, kama wale waliochorwa kwenye picha za enzi ya Mfalme Charles wa Pili. Waingereza wakati huo walikuwa wameshawachanganya spanieli wao na mbwa wenye nyuso bapa, na ile sura ya kwenye picha ilikuwa imepotea. Wafugaji wachache wakaanza kuitafuta. Chama chao kikaundwa mwaka 1928, na mwaka 1945 Kennel Club ya Uingereza ikamtambua Cavalier kama aina inayojitegemea, tofauti na binamu yake mwenye uso bapa, King Charles Spaniel.

Maelezo rasmi ya aina hiyo yanasema uzito uwe pauni 12 hadi 18, yaani kilo 5.4 hadi 8.2. Wamarekani wanaanzia pauni 13, na wanaongeza kimo: sentimita 30 hadi 33 kutoka ardhini mpaka begani. Yule binamu ni mdogo zaidi, kilo 3.6 hadi 6.3, na watu wengi huchanganya majina. Ukisoma mtandaoni kwamba "King Charles" anatakiwa awe na kilo tano ukamlinganisha na Cavalier wako wa kilo nane, unaweza kumnyima chakula mbwa asiye na kosa.

Sasa tazama namba zenyewe. Mbwa wa kilo 8.2 ni mzito mara moja na nusu kuliko wa kilo 5.4, na wote wako ndani ya kipimo. Jike mwenye mifupa myembamba, ambaye mwili wake ungetulia vizuri kwenye kilo sita, akifika kilo nane amezidi kwa theluthi nzima. Binadamu wa kilo 60 akizidi hivyo anakuwa na 80. Lakini mwenye mbwa atafungua maelezo rasmi, ataona nane iko chini ya 8.2, atalala usingizi. Kwa upande mwingine wapo madume wenye mifupa mikubwa, wenye kilo tisa na nusu, ambao ukiwashika huoni pa kupunguza. Hao wanaambiwa wanene kila wanapopanda mizani.

Maelezo yale yaliandikwa kwa ajili ya majaji wa maonyesho. Yanaeleza mbwa anayependeza ulingoni, na kazi hiyo yanaifanya vizuri. Hayakuandikwa ili uyageuze kuwa dawa ya mbwa mmoja aliyelala chini ya meza yako.

Mtoto: tazama mstari

Kwa mtoto wa mbwa jambo hili ni rahisi kulielewa kwa sababu sisi tumeshalizoea kwa watoto wetu. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki anaijua kadi yenye mistari iliyopinda. Muuguzi anaweka nukta ya mwezi huu, anaiunganisha na ya mwezi uliopita, kisha anatazama mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na ile iliyochapwa hamsumbui. Anayemsumbua ni yule aliyekuwa juu, sasa mstari umelala.

Mbwa nao wana kadi yao. Mwaka 2017 watafiti wa WALTHAM, kituo cha sayansi ya wanyama wa nyumbani kilichoko Uingereza, walichapisha pamoja na wenzao chati za ukuaji zilizotengenezwa kutokana na kumbukumbu za uzito za mbwa waliopimwa katika hospitali za mifugo za Marekani. Kituo hicho ni cha kampuni ya Mars, ambayo pia inauza chakula cha mbwa, na ni vizuri msomaji ajue hilo. Chati zenyewe zinapatikana bure. Zimegawanywa kwa uzito ambao mbwa anatarajiwa kuufikia ukubwani: chini ya kilo 6.5, kilo 6.5 hadi 9, kilo 9 hadi 15, na kuendelea mpaka 40. Dume ana chati yake na jike yake. Cavalier wengi wanaangukia kundi la pili, wale wadogo kabisa kundi la kwanza. Namna nzuri ya kuchagua ni kuuliza uzito wa wazazi wake, na kama wazazi wenyewe ni wanene, kuuliza walikuwa na kilo ngapi kabla ya kunenepa.

Chati zinaanza wiki ya 12. Kabla ya hapo mizani ni ile ya jikoni. Mtoto mchanga wa mbwa anaweza kupungua kidogo siku ya kwanza, kisha lazima aanze kupanda, na kwa kawaida ndani ya siku kumi hivi anakuwa amefikisha mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Katika siku hizo gramu tano zina maana. Mfugaji makini hupima kila siku kwa saa ile ile, kwa sababu mtoto anayeshindwa kunyonya huonekana kwenye mizani kabla hajaonekana kwa macho. Wale wadogo sana wana hatari nyingine: akiba yao ya sukari ni ndogo mno, na wakikaa muda mrefu bila kula wanaweza kulegea, kutetemeka, hata kuzimia. Ndiyo maana mtoto wa miezi miwili au mitatu hulishwa mara nne kwa siku, kidogo kidogo.

Kuanzia wiki ya 12, ukimpima mara moja kila wiki mbili inatosha. Katika umri wa miezi minne hivi atakuwa amekaribia nusu ya uzito wake wa ukubwani. Nusu iliyobaki huja polepole zaidi, na akiwa na miezi tisa hadi kumi na miwili mifupa imemaliza kazi. Kasi hii ni ya mbwa wadogo. Mbwa mkubwa kama Great Dane huendelea kukua mpaka mwaka na nusu na zaidi, kwa hiyo ushauri wa jirani mwenye mbwa wa ulinzi, kwamba "huyu bado mtoto, mwongezee", haumfai Cavalier wa miezi kumi.

Mstari ukivuka mistari miwili ya chati kwenda juu au kwenda chini, hapo ndipo pa kumwona daktari wa mifugo. Kuvuka kwenda chini kunaweza kuwa minyoo, au ugonjwa wa tumbo, au chakula hakitoshi. Kuvuka kwenda juu mara nyingi ni bakuli.

Kuna kipindi cha kati, miezi mitano hadi minane, ambacho huwatisha wengi. Mtoto aliyekuwa mviringo anarefuka ghafla, miguu inakuwa mirefu, kifua bado chembamba, manyoya ya utotoni yameanza kupukutika na yale marefu hayajaja. Anaonekana kama ameshinda njaa. Kama mstari wake unakwenda sawa na mbavu zake zina nyama kidogo juu, hana njaa, anabalehe. Lakini hapa ndipo mwenye mbwa huongeza chakula, na huwa ameongeza katika miezi ile ile ambayo mwili unaanza kuhitaji kidogo.

Bakuli lisilobadilika

Hesabu yake inafanyika kwa kikokotoo cha simu. Madaktari wa mifugo wana kanuni ya kukadiria nguvu ambayo mwili wa mbwa hutumia akiwa amepumzika tu. Chukua uzito wake kwa kilo, uzidishe kwa wenyewe mara tatu, kisha bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili, halafu zidisha kwa 70. Kwa mbwa wa kilo 8: nane mara nane mara nane ni 512, kipeuo chake ni 22.6, kipeuo cha hiyo ni 4.76, mara 70 unapata kalori 333 kwa siku. Mzunguko wote huu ni kwa sababu mnyama mdogo huunguza nguvu nyingi kwa kila kilo kuliko mnyama mkubwa, na hesabu ya kugawanya moja kwa moja ingemdhulumu mdogo na kumshibisha mno mkubwa.

Hiyo ni ya kupumzika. Mbwa aliyekwisha kukua, aliyehasiwa, anayeishi ndani na kutoka matembezi ya kawaida, unazidisha kwa 1.4 hivi: kalori 466. Mtoto aliyepita miezi minne unazidisha kwa 2. Sasa mfanyie hesabu mtoto wa kilo 5 tu. Kupumzika kwake ni kalori 234. Mara mbili ni 468.

Yaani mtoto wa kilo tano na mkubwa wa kilo nane wanahitaji bakuli lile lile. Mimi nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia nikidhani nimekosea. Haina kosa. Mtoto anajenga mifupa, misuli, damu, ubongo. Mkubwa anatunza tu kilichojengwa. Mwenye mbwa anayesema "nampa kile kile alichokuwa anakula utotoni, sijamwongezea hata punje" anasema kweli kabisa. Ila tangu akiwa na kilo tano mpaka alipofika nane, mwili ulikuwa unamwongezea mbwa ukubwa huku ukimpunguzia mahitaji ya ujenzi, na mizania hiyo ikakaa sawa. Ujenzi ukiisha, na mbwa akawa mvivu kidogo kuliko kanuni inavyodhani, kijiko kimoja cha ziada kila siku kinakwenda kukaa kiunoni.

Juu ya hapo, umri huo ndio wengi huwapeleka mbwa wao kuhasiwa au kutolewa kizazi. Baada ya upasuaji mahitaji ya nguvu hushuka kwa robo hivi, huku hamu ya kula ikipanda. Watu husema upasuaji unanenepesha. Watafiti wa zile chati waliliangalia jambo hili, na wakakuta kwamba mbwa waliohasiwa kabla ya wiki ya 37 mstari wao ulipanda kidogo, waliohasiwa baadaye ulishuka kidogo. Kwa vyovyote mabadiliko yalikuwa madogo. Kinachonenepesha ni kwamba siku ya kurudi kutoka kwa daktari mbwa anaonewa huruma, analishwa kwa mkono, na kipimo cha chakula hakiguswi tena mpaka miaka miwili baadaye, mtu anapogundua mkanda wa kifuani haufungi.

Vitafunio ndivyo vinavyoharibu hesabu nzuri. Kipande cha jibini cha gramu 30, kile ambacho Waingereza hufungia kidonge, kina kalori 120 hivi. Ni zaidi ya robo ya siku nzima ya mbwa wetu wa kilo nane. Ni sawa na mtu mzima kula milo yake mitatu yote, kisha akashushia chapati mbili. Andazi moja la ukubwa wa kawaida linapita hapo. Kanuni inayotumika na madaktari ni kwamba vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na kwa mbwa huyu hizo ni kalori 46. Karoti mbichi iliyokatwa vipande inampa kitu cha kutafuna bila kuimaliza bajeti.

Ni spanieli tu, au?

Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha Royal Veterinary College, London, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki za mbwa zaidi ya 22,000 wa Uingereza. Walikuta aina nane zenye uwezekano mkubwa kuliko mbwa chotara wa kuandikwa kwamba wamezidi uzito. Pug aliongoza, Beagle akafuata. Kati ya hizo nane, tatu ni spanieli: English Springer, Cocker, na Cavalier.

Kwa Cavalier ni rahisi kusema ni uvivu, maana kazi yake kwa karne kadhaa ilikuwa kukaa mapajani. Lakini Springer ni mbwa wa mawindo asiyetulia, naye yumo. Wengine wanakimbilia jeni. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walitangaza kwamba Labrador wengi wana kasoro kwenye jeni moja inayohusika na kumwambia mnyama kwamba ameshiba, na tangu hapo kila mwenye mbwa mlafi anadai wake anayo. Waliokutwa nayo ni Labrador na ndugu yake Flat-coated Retriever. Cavalier asisingiziwe. Kwake mimi naamini zaidi yale macho, na ukweli kwamba ni mbwa wa ndani, anayekaa miguuni pa anayekula, katika nyumba yenye mikono minne au mitano ya kutoa, kila mmoja akidhani ni yeye pekee aliyetoa.

Mikono ndiyo mizani

Mbwa akishakua, uzito wake sahihi unatafutwa kwa vidole. Cavalier ana manyoya marefu ya hariri yanayoficha mwili wote; picha haikuambii kitu, na hata macho ya mgeni yanadanganyika. Weka viganja vyote viwili kwenye ubavu wake, vidole gumba juu ya mgongo, usibonyeze sana.

Kisha linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, amekonda. Kunjua mkono, pitisha kidole kwenye kiganja, pale mifupa inapozama chini ya nyama: mbavu zikihisika hivyo, amenenepa. Geuza mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja, pale mifupa inahesabika lakini haichomozi. Hapo ndipo panapotakiwa.

Baada ya mbavu, lowesha manyoya au yabane kwa mikono, umtazame kutoka juu: nyuma ya mbavu kiuno kiingie ndani kidogo. Mtazame kutoka ubavuni: tumbo lipande kuelekea miguu ya nyuma, lisiende sawasawa kama meza. Madaktari huyaweka haya yote kwenye kipimo cha alama 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ndiyo nzuri. Kila alama inayozidi 5 huchukuliwa kuwa ni asilimia 10 hivi ya uzito wa ziada. Cavalier wa kilo 9.6 mwenye alama 7 amezidi kwa asilimia 20, kwa hiyo uzito wake mwenyewe ni kilo 8. Dume wa kilo 9.5 mwenye alama 5 hana deni.

Faida ya kukaa kwenye 4 na 5 imepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote, wakiwa wamepangwa wawili wawili. Mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliolishwa pungufu waliishi miaka 13.0 kwa wastani wa kati, wenzao 11.2. Hao ni Labrador. Mwaka 2019 kumbukumbu za mbwa zaidi ya 50,000 wa aina 12 zilichambuliwa, na katika kila aina wanene waliishi muda mfupi zaidi. Cavalier hakuwemo kati ya hizo 12, ila American Cocker alikuwemo. Pigo kubwa kuliko yote lilikuwa kwa Yorkshire Terrier dume, mbwa mdogo kuliko Cavalier: miaka miwili na nusu.

Moyo unapoingia kwenye hesabu

Mpaka hapa hadithi ni ya mbwa yeyote mdogo. Kinachomfanya Cavalier kuwa fumbo ni moyo wake.

Ndani ya moyo, upande wa kushoto, kuna vali inayozuia damu isirudi nyuma. Kwa mbwa wengi wadogo vali hiyo huchakaa uzeeni. Kwa Cavalier huchakaa mapema, na kwa wengi: inakadiriwa kwamba wakifika miaka mitano kama nusu yao daktari akiweka kipimo kifuani anasikia mvumo wa damu inayovuja, na wakifika kumi karibu wote. Ni urithi. Tatizo jingine la kurithi ni fuvu dogo linalobana ubongo wa nyuma, ambalo kwa baadhi yao huleta maumivu ya shingo na kujikuna hewani bila kugusa ngozi. Matatizo hayo yalifika mpaka Mahakama ya Juu ya Norway, ambayo mwaka 2023 iliamua kwamba kuzalisha Cavalier kwa namna ilivyokuwa ikifanyika kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama ya nchi hiyo.

Mwenye mbwa hawezi kubadilisha vali wala fuvu. Anaweza kuamua moyo huo unasukuma damu kwenye mwili wa kilo ngapi. Mafuta ya kifuani na tumboni hubana mapafu, mbwa mwenye pua fupi anahema zaidi, joto linampata haraka, anatembea kidogo, ananenepa zaidi. Kwa mbwa mwenye mvumo moyoni lakini bado mzima, kumpunguza uzito ni kazi yenye faida.

Ila ikifika hatua ambayo moyo umeshindwa na maji yameanza kujaa mapafuni, ushauri unapinduka. Ugonjwa wenyewe sasa unakula misuli. Mbwa anakonda mgongoni na mapajani hata kama anakula. Utafiti wa mbwa wa hatua hiyo ulionyesha kwamba walioongezeka uzito ndio walioishi muda mrefu zaidi. Mwenye mbwa aliyehangaika miaka mitano kumpunguza anaona mizani inashuka yenyewe, anafurahi, anamwambia daktari kwamba hatimaye tumefanikiwa. Cavalier wa miaka tisa anayepungua bila wewe kubadilisha chakula anahitaji kuonwa na daktari wiki hiyo hiyo.

Na mizani inaweza kudanganya kwa upande wa pili. Maji yakijaa tumboni kwa ajili ya moyo, uzito unapanda huku mbwa akikonda. Ukiona tumbo limekuwa kubwa na uti wa mgongo umechomoza, hayo si mafuta. Dawa za jamii ya steroidi nazo, kama prednisolone, huamsha njaa kali; mbwa aliyekuwa mpole anaanza kuiba mkate.

Kwa mbwa wa umri huu kipimo cha pili ni pumzi. Akiwa amelala usingizi mzito, hesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Zikizidi 30, na ukirudia baadaye zikawa bado zimezidi, mpigie daktari. Kupanda kwa namba hiyo mara nyingi hutangulia kikohozi. Kuna sababu ya kuwahi pia: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, ya mbwa 360 wenye moyo uliotanuka lakini ambao haujashindwa, yalionyesha kwamba dawa ya pimobendan ilisogeza mbele siku ya moyo kushindwa kwa miezi 15 hivi.

Kupunguza, na jiko letu

Tuseme basi moyo bado mzima, mikono imesema 7, na mbwa ana kilo 9.6. Lengo ni kilo 8. Kasi inayofaa ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 100 hadi 190. Safari ni ya miezi miwili mpaka minne. Kalori za kuanzia ni zile za kupumzika za uzito unaoutaka, 333 kwa siku, na daktari anarekebisha kadiri mizani inavyojibu.

Kosa la kawaida ni kuchukua chakula chake cha kila siku na kukikata nusu. Chakula hicho kilichanganywa kwa kudhani mbwa anakula chote. Ukikata kalori nusu umekata na protini na madini nusu, na anachopoteza kinakuwa misuli. Kuna vyakula vya kupunguza uzito vyenye protini nyingi kwa kalori chache. Kosa jingine ni kikombe. Chakula kikavu kina kalori 350 hadi 400 kwa kila gramu 100, na mkono unaochota kikombe hautoi kipimo kile kile mara mbili. Pima kwa gramu, asubuhi, chakula cha siku nzima, ukiweke kwenye kopo moja. Kila anayetaka kumpa chochote achote humo.

Kwa walioko Nairobi, Dar au Kampala, ambako chakula cha dukani ni ghali na mbwa wengi wanakula kinachopikwa nyumbani, ugali na dagaa au utumbo si sumu. Ugali peke yake ni wanga mtupu, na mtoto anayekua kwa ugali na mchuzi atakosa protini na madini ya chokaa hata kama tumbo limejaa. Mchuzi wenyewe una vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na chumvi, ambayo mbwa wa moyo haitaki. Pembeni ya sufuria ya watu, chota nyama yake kabla hujatia kitunguu. Mtembeze alfajiri au magharibi. Lami ya saa nane mchana Mombasa haikuundwa kwa mbwa wa mapajani wa Kiingereza.

Kuhusu mizani: ile ya bafuni, ambayo unapanda ukiwa umembeba kisha unatoa uzito wako, inakosea kwa gramu mia mbili bila aibu, na gramu mia mbili ndiyo wiki nzima ya kazi yako. Mizani ya kupimia watoto wachanga inafaa zaidi. Kliniki nyingi za mifugo zitakuruhusu uingie, umpime, uondoke bila kulipa. Mizani ile ile, saa ile ile, kabla hajala, na uandike.